Shaame Kibogoyo na Darasa Lililosinzia

Hapo zamani, katika mji wa Kishangani, alikuwako Sultani aliyeitwa Dahmani, mtu mwema wa moyo lakini mwepesi wa amri. Kila kulipokucha alikuwa na amri mpya, makarani wakaiandika na askari wakaibandika kwenye lango la soko. Na watu wa sokoni wakaipita kama wapitavyo ukuta, kwani hapakuwa na ajuaye kusoma. Siku Sultani alipokataza kuchinja karibu na kisima, wachinjaji walitundika mapaja ya mbuzi juu ya karatasi yenyewe, maana msumari ulioishika ulikuwa madhubuti.

Sultani alipopata habari hizo alighadhibika, kisha akafikiri, akaona ghadhabu haimfundishi mtu hata herufi ya alifu. Basi akaamuru watu wazima wote wa sokoni, waume kwa wake, wakusanyike chuoni kila siku baada ya sala ya alasiri, wafundishwe kusoma. Akamwita Maalimu Zahrani, aliyekuwa mwanachuoni mkubwa wa mji ule, akampa kazi hiyo.

Maalimu Zahrani akaanza na sarufi. Akaeleza asili ya herufi na ikhtilafu za wanavyuoni juu ya nukta. Watu wale walikuwa wamekwisha shinda kutwa katika moto, moshi na mizigo. Mkeka ulikuwa laini na sauti ya Maalimu ilikuwa tamu. Haikuwa muda ila wote wamelala, na Sultani, aliyekuwa akipita nje na farasi wake, akadhani mle ndani mnapasuliwa mbao.

Akaingia, akaona. Hapo akatoa amri iliyotangazwa kwa baragumu mji mzima: "Mtu yeyote atakayesimama mbele ya watu hawa kuwafundisha wakalala, naye atakwenda kulala gerezani mwangu. Wala asiwapige, kwa kuwa ni watu wazima wenye wajukuu."

Maalimu Zahrani akapelekwa gerezani. Akaletwa mwalimu wa pili, akafuata njia ile ile. Na wa tatu, na walio baada yake. Ikawa gereza lina elimu kuliko mji.

Sasa, katika mji ule palikuwa na fukara mmoja jina lake Shaame, ambaye watu walimwita Kibogoyo kwa sababu meno yake ya mbele yalikuwa yamekwisha. Hakuwa na shamba wala kazi ya kudumu. Kila kazi aliwahi kuijaribu na kila kazi ilimkataa. Utotoni alisoma kwa Maalimu Zahrani, akajifunza herufi kwa taabu iliyowachosha wote wawili, lakini Maalimu hakumcheka hata siku moja, na tangu zama hizo kila Ijumaa alimwita nyumbani kwake wakala pamoja. Ijumaa moja Shaame akaenda, akamkuta mke wa Maalimu amekaa kizingitini, jiko halijawashwa.

"Leo hakuna chakula, mwanangu," bibi yule akamwambia. "Mwenye nyumba hayupo, na mimi sina hamu ya kupika."

Shaame akageuka, akaenda moja kwa moja hadi barazani kwa Sultani, akapiga magoti.

"Ewe bwana wangu," akasema, "nimekuja kumwombea Maalimu wangu. Ni mzee, na sakafu ya gereza ni baridi."

"Wewe ni mwanafunzi wake?" akauliza Sultani.

"Ndimi, bwana. Ila usimhukumu kwa kunitazama mimi. Hata fundi bora hukutana na gogo lililooza."

Waziri, aliyekuwa ameketi kuumeni kwa Sultani, akacheka, akasema, "Maulana, kwa kuwa mtu huyu anampenda mwalimu wake, na alichukue darasa lake. Watu wakikaa macho, Maalimu atoke. Wakilala, waonane gerezani."

"Umesikia?" Sultani akamwuliza. "Waweza kuwafundisha watu?"

"Bwana wangu, mimi meno yangu mwenyewe yameshindwa kukaa mahali pake," akajibu Shaame. "Sijui kama watu watakaa. Lakini nitakwenda."

Siku ya pili, baada ya alasiri, Shaame akasimama mbele ya darasa, na askari wa Waziri akasimama mlangoni kushuhudia. Shaame akachora alifu ubaoni kwa mkaa, ikatoka imepinda kama nyoka. Akaeleza, akaona macho yanalegea. Mzee Sururu, mhunzi mkuu wa soko, mtu wa mabega mapana na maneno machache, kidevu chake kikaanza kushuka kifuani. Mchinjaji aliyekuwa karibu naye akaegemea nguzo. Askari akachungulia, akatabasamu.

Shaame akaingiwa na hofu, akatafuta mfano wa kuwaamsha, na ulimi ukamponyoka. "Tazameni alifu hii," akasema, "imenyooka kama chuma ambacho mhunzi amekiacha kikapoa vizuri, kisha ndipo akakipiga nyundo."

Mzee Sururu akafungua jicho moja. "Umesemaje?"

"Chuma, mzee wangu. Kikishapoa, hupigwa nyundo."

"Nani aliyekwambia maneno hayo?"

"Nimeyasema mwenyewe."

"Basi uyameze mwenyewe," akasema Mzee Sururu, akajiweka sawa mkekani. "Chuma hupigwa kikiwa chekundu. Ukikipiga baridi utakivunja, au utavunja mkono wako."

Watu wakaamka kusikia Sururu, aliyekuwa haneni, akinena maneno mengi hivyo. Na Shaame, ambaye kwa kweli hakujua habari za chuma, akaona mlango umefunguka pale alipojikwaa.

"Ni kweli, mimi ni mjinga," akasema. "Niliwahi kufanya kazi ya uhunzi tangu asubuhi hadi adhuhuri, nikafukuzwa. Sema tena, mzee wangu, polepole, nami nitaandika ubaoni, nisije nikasahau."

Mzee Sururu akasema, Shaame akaandika. Alipomaliza, mhunzi akautazama ubao kwa mashaka. "Umeandika kama nilivyosema?"

"Nimeandika."

"Nitajuaje?"

"Hutajua," akasema Shaame. "Kujua ni mpaka ujue kusoma. Nami, ukiuliza mtaani, utaambiwa kuwa si mtu wa kuaminiwa."

Mzee Sururu akasogeza mkeka wake mbele. "Nionyeshe neno chuma ni lipi hapo."

Askari alirudi kwa Waziri bila habari ya kufurahisha, na Waziri akamficha Sultani.

Tangu siku hiyo ikawa Shaame hafundishi ila kwa kukosea. Akawaambia wachinjaji kwamba mbuzi huchunwa kuanzia kwenye pembe. Akawaambia wasusi wa mikeka kwamba ukindu husukwa ukiwa mkavu, bila kulowekwa. Akamwambia Bi Mize, mwuza vitumbua, kwamba vitumbua hukaangwa kwa maji. Bi Mize alikuwa mwanamke mwenye haya, mjane, aliyekaa nyuma kabisa na ushungi umemfunika nusu ya uso. Lakini neno hilo hakuweza kulivumilia.

"Kwa maji, mwanangu? Umekula vitumbua wapi wewe?"

"Kwa harufu tu, mama, nikipita karibu na jiko lako. Nisahihishe."

Akamsahihisha: mchele wa kulowekwa na kusagwa, tui zito, hamira, iliki na sukari kwa kiasi. Shaame akayaandika, na kila siku Bi Mize akayafuata maneno yake herufi kwa herufi, kwa kuogopa sifa yake isiharibiwe. Baada ya siku nyingi, Shaame aliandika tena maneno yale ubaoni, na mahali pa sukari akaandika chumvi, asimwambie mtu. Bi Mize akatazama, akainuka, akaja hadi mbele, akaweka kidole ubaoni.

"Sukari huanza kwa sini," akasema polepole, "na hapa sioni sini." Kisha akasoma, "Chu-mvi." Akabaki amesimama, kidole kingali juu ya neno. "Nimelisoma," akasema. "Hakuna aliyeniambia. Nimelisoma mimi."

Akajifunika uso kwa ushungi, na watu wakamwacha alie, wala hakuna aliyemharakisha. Shaame naye akageukia ukutani akajifanya anatafuta mkaa.

Habari zikamfikia Sultani kwamba darasani hakulali hata paka. Akafurahi, akatia azma ya kuwatoa Maalimu na wenzake gerezani, lakini akasema moyoni, "Kama kibogoyo asiye na elimu amewaweka macho, itakuwaje nikiwafundisha mimi?" Basi siku ya tatu baada ya kupata habari hizo akaja chuoni na Waziri wake na watumishi wake, akamwambia Shaame akae kando.

"Leo," akasema Sultani, "nitawafundisha mimi mwenyewe nasaba ya wazee wangu."

Akasimama, akaanza na babu wa kwanza. Akaeleza alimwoa nani, akazaa nani, na kila mmoja alikuwa hodari namna gani. Alipofika kwa babu wa nne, mchinjaji alikuwa ameegemea nguzo. Alipofika kwa wa sita, wasusi walikuwa wameegemeana. Sultani alikuwa amefumba macho kwa utamu wa habari zake, hakuona kitu. Hata alipofika kwa baba yake mzazi, chuo kizima kilikuwa kinakoroma, na Waziri pamoja nao.

Shaame akatoka kimyakimya, akakimbia hadi kibandani kwake. Sultani alipofumbua macho, akakuta watu wote wamelala, na Shaame amepiga magoti mbele yake, ameshika mto mchakavu wa sufi kwa mikono miwili.

"Mto huu wa nini?" akauliza Sultani.

"Ni wako, bwana wangu. Sakafu ya gereza ni ngumu, na huu ndio mto pekee nilio nao. Una kunguni wachache, lakini wamenizoea mimi, huenda wasikuume."

Waziri akazinduka kwa neno gereza, akasimama huku akipepesa macho. "Maulana, mtu huyu akatwe ulimi."

"Sijatunga neno, bwana," akasema Shaame, naye alijua alichokuwa akikichezea. "Baragumu lilisema mtu yeyote atakayesimama mbele ya watu hawa kuwafundisha wakalala. Mimi ni mzito wa kuelewa, hushika neno kama lilivyo. Leo sikusimama mimi."

Watu walikuwa wameamka mmoja mmoja, na hapakuwa na aliyethubutu kukohoa. Sultani akamtazama Shaame, akautazama mto. Katika kimya kile ikasikika sauti ya Mzee Sururu, ambaye hakuwa ameamka bado, akikoroma kama mvukuto wake. Mdomo wa Sultani ukacheza. Akajizuia, akashindwa, akacheka hata kilemba kikamwendea upande.

"Nimefungwa kwa kamba yangu," akasema. "Waziri, amri hiyo imefutwa. Nenda kafungue gereza, na walimu wote warudi majumbani mwao kabla ya magharibi. Na wewe Shaame, tangu leo utakuwa mkuu wa chuo hiki, kwa mshahara na nyumba."

"Bwana wangu, nashukuru, lakini sifai tena," akajibu Shaame. "Watu hawa wamenisahihisha hata wameniharibu. Sasa najua chuma, najua nyama, najua ukindu, na vitumbua naweza kuvipika. Maalimu Zahrani kutoka kwanitosha, maana hawa watamsahihishaje tena mtu aliyekwisha kujua?"

Sultani akafikiri, akavua viatu vyake, akaketi mkekani kando ya Mzee Sururu.

"Iko kazi moja usiyoijua hata chembe," akasema. "Kutawala. Hebu tufundishe."

Hekaya yangu imefika ukingoni. Na kama yuko aliyesinzia nikiisimulia, msimwamshe wala msimlaumu. Kosa ni la msimulizi.