Kokoto Saba za Kiboko

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, majiko na majirani wasiopendana, Bi Nguchiro alichimba shimo apate udongo wa kukandika ukuta wake. Sheria ya kijiji ilisema: ukichimba shimo kando ya njia, lizungushie miiba. Bi Nguchiro akasema, "Kesho." Na kesho yake akasema, "Kesho."

Siku ya tatu, saa sita mchana, kukasikika: gubuu! Kiboko alikuwa shimoni, jino la mbele limekatika.

"Nimeumizwa!" alinguruma. "Nataka fidia! Shamba lake lote la viazi!"

Shamba lile ndilo lililowalisha wana wanne wa Bi Nguchiro. Jingine hakuwa nalo. Na hakimu alikuwa nani? Nyati, shemeji yake Kiboko, aliyeoga naye tope moja kila siku.

Barazani, Nyati alimwaga kokoto kumi mkekani. "Desturi mnaijua. Hizi kumi ndizo kosa zima. Kila mmoja atashika kadiri alivyokosea. Mdai akishika zaidi ya nusu, hapati kitu. Bi Nguchiro, nyoosha mikono yote miwili."

Wanyama wakacheka. Bi Nguchiro hakucheka. Maneno yake alikuwa ameyarudia mara ishirini njiani.

"Uliweka miiba?"

"Sikuweka, mzee. Nilizembea. Nipe tatu."

Nyati alishtuka, kwani tangu awe hakimu, hakuna aliyewahi kuomba kokoto. "Tatu tu? Na hizi saba?"

"Nipe nazo, mzee. Mjomba Kiboko hana kosa, maskini. Ni kiziwi."

"Kiziwi nani?" Kiboko aliruka, ardhi ikafanya tii!

"Usione haya, mjomba. Vijisikio vyenyewe kama vifungo vya shati! Chura alikupigia kelele, 'Shimo! Shimo!' Ungesikiaje?"

"Nilimsikia! Alisema mara tatu, nikamwambia afunge domo lake!"

Baraza zima likapiga kelele, "Mpe mbili! Mpe mbili!"

Nyati alitazama huku na huku. Macho yote yalikuwa kwenye kwato zake. Akasukuma kokoto mbili kwa Kiboko: kwa! kwa!

"Basi ni macho," alisema Bi Nguchiro kwa huruma. "Uzee huo. Shimo hukuliona."

"Mimi mzee? Nililiona tangu kule kwenye mpapai! Hata panzi aliyekaa ukingoni nilimwona!"

"Mbili nyingine!"

Kwa! Kwa!

"Shemeji, nyamaza," Nyati alinong'ona, akamkonyeza mpaka chozi likamtoka.

"Pole, shemeji," alisema Kiboko kwa sauti. "Umeingiwa na vumbi?"

Bi Nguchiro alihesabu kimoyomoyo. Tatu zake, nne za Kiboko, zimebaki tatu. "Mjomba, nieleze basi, mimi mdogo sielewi. Ulisikia, ukaona. Mbona hukuzunguka?"

"Nizunguke? Mimi?" Kiboko alifura shingo. "Wanaozunguka ni nyinyi vijitu! Mimi nikipita, shimo ndilo liondoke!"

Kicheko kilipasuka hapo, kwa-kwa-kwa, Fisi akaanguka chali. Nyati alifunika uso kwa kwato moja, na kwa ile nyingine akasukuma zote zilizobaki.

"Saba kwa mdai," alisema kwa sauti ndogo. "Hapati kitu. Na wewe, Bi Nguchiro, miiba leo hii."

"Leo hii, mzee." Akaokota zake tatu. Viazi vilikuwa salama.

"Na jino langu je?" aliuliza Kiboko.

"Una kokoto saba, mjomba," alijibu Bi Nguchiro. "Jaribu moja moja. Haikosi mojawapo itaziba pengo."

Hadithi imefika mlangoni kwake, wanangu, nanyi shikeni hili: ukienda kudai fidia ya kuumizwa, kwanza hesabu ulivyojiumiza mwenyewe.