Madafu Mabubu

Tumbo lilimwendesha mume wa Bi Kazija siku mbili, hata akakauka kama ng'onda. Bi Kazija akaangua lundo la madafu amnyweshe. Hajashika panga, Bwana Sudi, mwenye shamba, akatokea na mkokoteni.

"Nagawa mimi! Yenye maji yangu, makavu yako."

"Sawa, bwana. Lakini utayajuaje yenye maji?"

"Mjinga wewe! Unatikisa, unasikiliza."

"Kumbe! Basi mimi maskini nibaki na haya mabubu?"

"Kayamumunye!"

Akatikisa moja moja, akaondoka na yote yaliyolia. Bi Kazija akalikata bubu la kwanza, maji yakamrukia usoni.

"Kunywa, mume wangu. Dafu lililojaa halina nafasi ya kupiga kelele. Anayepiga kelele ni koroma lililoanza kukauka, na Bwana Sudi."