Magamba ya Mwanvita

Miaka michache kabla ya Wadachi kupandisha bendera yao Bagamoyo, hapakuwa na nyumba iliyojaa kama nyumba ya Bi Mize siku ile ya singo. Wanawake walifurika ukumbini hadi kizingitini. Kahawa ilipita, haluwa ikapita, na umbeya ukapita mbio kuliko vyote viwili. Mwanawe wa pekee, Mwanvita, alikuwa akiolewa na Abdullatif, kijana wa nyumba ya biashara ya pembe za ndovu. Lililobaki ni somo, yaani kungwi wake, kumsugua bibi harusi kwa singo, ule mchanganyiko wa liwa, karafuu na mawaridi, mpaka ang'ae kama shaba iliyopigwa ndimu.

Bi Mize aliketi karibu na mlango wa chumba cha ndani, amevaa kanzu ya mikono mirefu kama ilivyokuwa ada yake, masika na kiangazi. Alikuwa akicheka na jirani yake, ukelele ukatoka chumbani.

"Yarabi toba! Ukoma!"

Ngoma zilinyamaza mara moja. Somo, Bi Chausiku, alitoka kinyumenyume, mikono imejaa singo, ameinyoosha mbali na mwili kana kwamba si yake. "Nileteeni maji! Nileteeni majivu! Viwiko, magoti, mgongo, kote magamba meupe, na chini yake nyama nyekundu! Nami nimemsugua kwa mikono yangu hii!"

Ukumbi ulivurugika kama kuku walioona mwewe. Mmoja alitoka na kiatu kimoja. Mwingine alikimbia na haluwa ingali mdomoni.

"Nilisema mimi! Msichana gani haogi na wenzake?"

"Ulisema lini, mwongo wee? Jana tu ulikuwa ukimsifu rangi!"

Aliyesimama pasipo kutikisika ni Bi Zeyana, shangazi wa bwana harusi. Alijifunga mtandio wake polepole. "Bi Mize, posa imekufa. Na mwanao asilale mjini leo. Mwenye ukoma hujengewa kibanda chake porini, wajua."

Magamba yale Bi Mize aliyajua kama alivyolijua jina lake. Alichungulia chumbani, akamwona Mwanvita amepiga magoti juu ya mkeka, singo imemkaukia mgongoni, na viwiko vyake vinachuruzika damu.

"Mama," binti alisema kwa kwikwi, "nilijisugua kwa jiwe kila siku, yasionekane. Yamezidi tu."

Maneno hayo yalimchoma Bi Mize kuliko mkuki. Alisimama. "Si ukoma," alisema, lakini hapana aliyemsikia. Basi akashika ncha za mikono ya kanzu yake, akaikunja hadi juu ya viwiko, mbele ya watu wote.

Magamba meupe yalikuwa yamemtanda vile vile, mithili ya chokaa ya ukutani.

"Na wewe?" Bi Chausiku alinong'ona, macho yamemtoka.

"Na mimi. Na marehemu mama yangu kule Makurunge, aliyekufa kwa uzee, vidole vyake kumi vizima. Baka la mkoma limekufa, hata ukilichoma halisikii. Haya yako hai. Bi Zeyana, chukua sindano unichome popote upendapo."

Bi Zeyana hakuwa mtu wa kubembelezwa. Alichomoa sindano kwenye pindo la mtandio wake, akadunga katikati ya baka.

"Aii! Mama weee!"

"Amesikia," Bi Zeyana alikiri. Akamchoma Mwanvita naye kidogo, binti akaruka. "Naye kasikia. Lakini yanaambukiza?"

"Haya hufuata damu, hayafuati mkono. Nimelala na mume wangu miaka ishirini, ngozi yake i laini kama ya mtoto. Chausiku, acha hayo majivu, unajichubua bure."

"Na mumeo anajua?" sauti ilichomoza mlangoni; waliokimbia walikuwa wamekwisha kurudi, maana nani angekosa habari kama hiyo?

Bi Mize aliinamisha uso. "Hajapata kukiona kiwiko changu."

"Miaka ishirini! Mwalala gizani kama popo?"

Kicheko kilipasuka, lakini Mwanvita hakucheka. Alimkodolea mama yake macho kama anayemwona mara ya kwanza. "Ulikuwa nayo, mama? Ulijua ni nini, nami najimenya kwa jiwe chumba cha pili?"

Bi Mize alieleza tu: magamba hayo hayataki kusuguliwa, yanataka mafuta ya nazi ngozi ingali na maji, kuoga baharini, jua la asubuhi, na roho iliyotulia. Hayaponi kabisa, hutulia kisha hurudi, kama mgeni aliyeizoea nyumba.

"Mimi sibebi siri," Bi Zeyana alisema. "Abdullatif ataambiwa yote sasa hivi, aamue mwenyewe."

Alikwenda. Nyumba nzima ilimngoja pasi na mtu kugusa kahawa. Aliporudi, uso wake ulikuwa na mshangao mkubwa kuliko wa somo.

"Hakuuliza kama yanaambukiza," alisema. "Ameuliza kama yanamuuma. Nikamwambia ndiyo. Akasema, basi singo isisuguliwe, na ndoa yetu i pale pale."

Vigelegele viliitikisa dari. Bi Mize, machozi yakimtiririka, alichukua kibuyu cha mafuta ya nazi ampake mwanawe. Mwanvita alikishika kile kibuyu, akamnyang'anya.

"Kaa chini, mama. Tutaanza na wewe. Na baba aitwe aone."

Bi Mize alikaa mkekani, viwiko wazi, akajua kwamba aliyoyaficha miaka ishirini yamefichuliwa na machozi ya mwanawe mwenyewe. Ama kweli, mficha maradhi, kilio humfichua.