Kimya cha Zizi la Ambakisye

Mficha mama ndiye mfungua zizi. Maneno haya mmeyasikia juzi msibani, pale shangazi yenu alipotaka wale watoto wadogo waambiwe kwamba mama yao amesafiri. Mzee Mwaipaja akamjibu kwa methali hiyo. Sasa mnaniuliza imetoka wapi. Sogeeni basi, chanzo chake ni hiki.

Huku kwetu Rungwe, kwenye miteremko ambayo ukungu huchelewa kuiacha, aliishi mtu aitwaye Ambakisye na mkewe Subilaga. Mifugo yao ilikuwa ng'ombe wawili tu, wazee, uzao wa ng'ombe ambaye baba yake Ambakisye alimwachia alipokuwa akikata roho. Mwaka ule wote wawili walizaa majike, mmoja mwekundu na mwingine mwenye baka jeupe usoni. Bwana mifugo aliwatazama wale mama akasema hawatashika mimba tena. Kwa hiyo ndama wale ndio waliokuwa zizi la kesho. Wakipotea wao, uzao wa baba yake umekwisha.

Wakati wa kuwaachisha ziwa ulipofika, Ambakisye hakufanya uzembe. Alijenga zizi jipya la mianzi, akachimbia nguzo, akajaza hori majani mabichi na kuwawekea maji mahali ambapo wangeyaona. Aliwaingiza mitamba wake, wale ndama wawili, polepole, bila fimbo, akiwatangulia na kuwaita. Mama zao akawafungia upande wa pili wa ua uleule. Subilaga ndiye aliyetaka iwe hivyo.

"Waache waonane," alisema. "Watalia wote, watachoka, watalala chini. Mtamba anayemwona mama yake hana pa kukimbilia."

Nao walilia. Mitamba walilia huku, mama wakaitikia kule, mpaka sauti zikawakauka. Ambakisye alikuwa mzee wa kanisa, na ibada ya jumuiya wiki ile ilikuwa nyumbani kwake. Waumini wakaja, wakakaa, naye akaanza kuomba. Kila alipovuta pumzi, ng'ombe walijaza nafasi. Ilipofika amina, jirani yake Lugano alikohoa kidogo.

"Mzee wetu, kumbe umefungua kwaya ya besi na hukututangazia," alisema. "Mwambie mwalimu awashonee majoho, Pasaka haiko mbali."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Ambakisye naye alicheka, ila kwa meno tu.

Lakini msidhani ni kicheko kile peke yake. Kilio chenyewe kilimwingia. Akishika Biblia anasikia ng'ombe, akishika jembe anasikia ng'ombe. Jioni ile alimwambia mkewe, "Siwezi, Mama Tumpe. Hawa mama nawapeleka kwa Asajile."

Asajile alikuwa mdogo wake, aliyeishi ng'ambo ya kilima.

"Ni kilio cha siku chache tu," Subilaga alisema.

"Wasipoisikia sauti ya mama zao, watasahau. Kisichoonekana hakiumi."

"Nani kakwambia?"

Ambakisye alikwenda kulala. Asubuhi aliwaswaga wale ng'ombe wawili juu ya kilima, huku wakigeuza vichwa nyuma njia nzima.

Aliporudi alikuta mitamba wameacha majani. Walikuwa wanazunguka zizi, wanasukuma ua kwa vifua, wanaita upande huu, kisha wanaita upande ule, kwa kuwa hawakujua tena mama wako wapi. Ambakisye aliingia ndani, akafunga dirisha, akapiga magoti.

"Ee Bwana, wanyamazishe," aliomba. "Nipe kimya. Sikuombi kingine."

Kulipokucha kulikuwa kimya. Alisikia umande tu ukidondoka kutoka kwenye migomba. Furaha ilimjaa hata machozi yakamtoka. Akashuka kitandani akapiga magoti palepale, akaanza kushukuru kwa sauti. Alikuwa bado anashukuru Subilaga alipoingia kutoka nje, amekumbatia mzigo wa majani.

"Unamshukuru Mungu kwa lipi?"

"Husikii? Wametulia."

Subilaga aliyaweka majani sakafuni. "Hawapo, Baba Tumpe. Nimekuta mianzi imelala chini."

Waliita majirani, wakafuata nyayo. Zingeelekea kilimani, kwa Asajile, kusingekuwa na msiba. Zilielekea bondeni. Lugano aliyatazama matope, akavua kofia.

"Ng'ombe wangu alikuwa analia huko chini alfajiri," alisema, na safari hii hapakuwa na mzaha kinywani mwake. "Nadhani walimsikia, wakadhani ndiye mama yao."

Yule mwekundu walimkuta chini ya korongo, shingo imevunjika. Nyayo za mwenzake ziliendelea peke yake hadi mtoni. Zikaingia majini. Ng'ambo ya mto hazikutoka. Walimtafuta siku ile na siku zilizofuata, wakiteremka na mto mpaka kwenye vijiji vya watu wasiowajua, na wote waliwajibu kwamba hawakuona mtamba mwenye baka usoni.

Siku waliyokata tamaa, Ambakisye alisimama ukingoni mwa mto, akatazama maji yanavyokwenda zake.

"Niliomba kimya," alisema. "Nimepewa."

"Usimsingizie Mungu," Subilaga alimwambia. Hakupaza sauti, alisema kama mtu asomaye neno lililokwisha kuandikwa. "Mficha mama ndiye mfungua zizi."

Lugano na wenzake walilisikia.

Wale mama walirudishwa nyumbani. Walikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mianzi iliyovunjika, wakanusa, wakalamba nguzo ambazo watoto wao walizisugua kwa vifua, kisha wakaanza kuita. Ambakisye alikaa chini karibu yao. Alitaka kuomba, akakosa neno la kuanzia. Watu walimshauri awaswage tena, awapeleke mbali apumzike. Akakataa. Waliita mpaka wakaacha wenyewe, na yeye alibaki pale wakati wote huo.

Ng'ombe wale walizeeka, wakafa, na Ambakisye hakufuga tena. Mianzi ilioza na mahali pale pakaota majani. Majirani walipopita, hasa wakiwa na mtoto aliyefiwa au aliyeachwa, ambaye ndugu wanataka kumtuliza kwa kumficha ukweli, walionyeshana lile zizi tupu wakasema kwa sauti ya chini: mficha mama ndiye mfungua zizi.