Silinda Nne Zilizonyamaza

Aliyenisimulia kisa hiki ni Specioza, yule anayewapikia mafundi nyuma ya gereji ya Mashimba hapa Bariadi. Alinisimulia mwaka jana, Jumapili moja ya mwezi wa saba, pamba ikiwa imeshaanza kwenda kwenye mizani. Specioza haongezi chumvi isipokuwa kwenye maharage, kwa hiyo nakiandika kama alivyokileta.

Wahenga walinena kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Maana yake ni kuwa mtu anayeona haya kuuliza hubaki na kile kile alichokuja nacho, hata akikaa na wajuzi mpaka mvi zimwote. Kuisema methali hii ni rahisi. Kuiishi ni kazi nyingine, hasa kwetu, ambako mdogo hufundishwa kutazama kwanza na kufunga mdomo.

Kabula alikuwa binti wa miaka kumi na tisa, mzaliwa wa Lingeka kule Meatu, mtoto wa Luhaga mfugaji. Alikuwa akisomea ufundi wa magari katika chuo kimoja, na chuo hicho kilikuwa kimemtuma kwa Mashimba kufanya mafunzo kwa vitendo kwa wiki nane. Alipewa fomu. Wiki ya nane ikiisha, fundi mkuu huandika maoni yake na kutia sahihi. Fomu isipotiwa sahihi, mwanafunzi hapati cheti, na atasubiri mwaka mzima ili arudie. Luhaga naye alikuwa amesema wazi mbele ya ndugu zake kwamba mwaka wa kurudia hautakuwapo. Binti akishindwa mara hii, atarudi nyumbani kulima pamba, na mambo ya spana yataishia hapo. Kwa hiyo Kabula aliitunza fomu ile kama mboni ya jicho, ndani ya bahasha, ndani ya sanduku, nyumbani kwa mama yake mdogo Anna, alikofikia.

Hakuwa mvivu, wala hakuchagua kazi. Alilala chini ya malori ya pamba, akatoka huko mweusi kama chungu, hakulalamika. Shida yake ilikuwa moja tu: aliuliza. Kwa nini bolti za katikati zinakazwa kwanza? Fundi amejuaje kwamba ni beringi na si shafti? Maige, fundi msaidizi, mtu wa mizaha, alimpa jina la Afande.

“Afande amefika,” alisema kila asubuhi akimwona langoni. “Jamani, tafuteni leseni zenu.”

Mashimba hakucheka. Yeye alikuwa fundi wa sikio. Alikuwa akisimamisha ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini, mpini anauweka sikioni, anafumba macho, kisha anataja ugonjwa, na mara nyingi ndio unakuwa huo. Ufundi huo aliuokota ujanani, kwa fundi mmoja wa Shinyanga aliyejibu maswali kwa spana ya mgongoni. Hakufundishwa, aliiba kwa macho. Tangu hapo aliamini kwamba fundi anayeuliza mbele ya mteja amejivua nguo mwenyewe.

Wiki ya sita Kabula aliuliza jambo mbele ya mwenye lori. Mashimba alimwita pembeni, kwenye matairi.

“Mwanangu, ukiuliza tena mbele ya mteja, utaondoka na karatasi yako nyeupe kama ilivyokuja. Tumeelewana?”

“Tumeelewana, fundi.”

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha Kabula zaidi. Kwa wiki moja na ushei alimeza maswali yake kama mtu anayemeza kwinini.

Alhamisi ya wiki ya nane, saa tatu asubuhi, kilisikika kishindo kutoka upande wa stendi, na mafundi wote wakainua vichwa. Likaingia gari la Kimarekani, jeusi, milango miwili tu, boneti ndefu kama kitanda, usukani kushoto. Ni aina ile ya magari yanayotengenezwa kwa ajili ya nguvu na mbio, si kwa ajili ya kubeba watu wala magunia. Injini yake ilikuwa ya silinda nane. Tangu lilipoingia mjini jana yake, watu walikuwa wameshalipa jina: Nzagamba, yaani dume la ng'ombe, kwa jinsi lilivyonguruma.

Mwenye gari aliitwa Novatus, mtoto wa Bariadi mwenye biashara zake Mwanza. Alisalimia kwa Kisukuma, watu wakaitikia, akaeleza haja yake.

“Keshokutwa namchukua dada yangu, bibi harusi, kumpeleka Mwamanyili kwa mumewe. Sasa njiani gari linaninyamazia. Linatembea, lakini sauti inapungua nusu, halafu inarudi. Nisije nikaaibika barabarani na shela ndani.”

Mashimba alikaa kwenye usukani, wakatoka wawili hadi barabara ya lami inayokwenda Lamadi. Waliporudi, uso wa fundi ulikuwa umejifunga.

“Silinda nne zimekufa,” alisema.

“Lakini hapa linanguruma vizuri,” alisema Novatus. Na kweli, pale uani injini ilinguruma yote, bila kigugumizi.

“Ugonjwa wa kujificha. Kama homa ya vipindi: ukifika hospitali, unapoa. Sikio langu limesikia nne tu. Tunafungua leo, kesho jioni tunafunga, Mungu akipenda. Maige, leta spana. Kabula, beseni la bolti.”

Kabula alileta beseni. Alipopita kwenye mlango wa dereva alitupa jicho kwenye dashibodi. Taa ya kuonya ubovu wa injini haikuwa imewaka. Kulikuwa na kitu alichowahi kusikia darasani juu ya injini kama ile, na kama kilikuwa kweli, basi Mashimba alikuwa anakwenda kufungua injini nzima. Alijua pia kwamba injini ikifunguliwa hudai gasketi mpya za kuziba maungio, na kwamba za gari kama lile hazipatikani Bariadi, wala asingeapa kwamba zipo Mwanza. Likifunguliwa, halitafungwa kesho. Bibi harusi atapata gari jingine, lakini jina la Mashimba litabaki limelala pale uani, boneti wazi, kila mpita njia analiona.

Upande wa pili wa mizani ilikuwepo fomu. Zilibaki siku mbili. Akinyamaza, atapata sahihi yake, na hakuna atakayejua kwamba alijua.

Maige aliinama juu ya boneti, spana ikashika bolti ya kwanza. Kabula akapiga moyo konde.

“Samahani, bosi,” alimwambia Novatus. “Sauti ikipungua hivyo, gari linakuwa linapanda mlima au liko tambarare?”

Maige alibaki ameinama vile vile.

“Kabula,” alisema Mashimba. “Kachukue begi lako.”

Binti aliweka beseni chini na kuanza kujifuta mikono. Novatus, ambaye hakujua lolote kuhusu sheria za gereji ile, alijibu kama alivyoulizwa.

“Tambarare. Nikiwa natembea taratibu tu. Nikikanyaga mafuta, au kwenye mlima, linanguruma lote. Jana njiani nimelipita basi kama limeegeshwa.”

Jibu lile lilimwingia Mashimba kwenye lile sikio lake. Alikuwa na kiburi, lakini alikuwa fundi wa kweli, na fundi wa kweli anajua kwamba silinda iliyokufa huumbuka mlimani, kama ng'ombe mwenye kilema. Haiwezekani mgonjwa akimbie mlimani halafu achechemee tambarare. Specioza alikuwa amekuja kukusanya vikombe vya uji. Anasema fundi aliifuta spana moja mara tatu.

“Hebu rudi,” alisema mwishowe. “Kwa nini umeuliza hivyo?”

Miaka kumi na mmoja anapika pale, Specioza hakuwahi kumsikia akimwambia mtu wa chini yake “kwa nini”.

“Sina hakika, fundi,” alisema Kabula. “Mwalimu alitaja siku moja kwamba baadhi ya injini za siku hizi za silinda nane zina kompyuta inayozipumzisha silinda nne, gari likiwa halina kazi nzito, ili mafuta yasiteketee bure. Nilimwuliza silinda inapumzikaje bila kufa. Darasa zima lilicheka, ila yeye alijibu. Vali zinafungwa, mafuta hayaingii, pistoni inaendelea kupanda na kushuka tupu.”

“Silinda inapumzika?” alisema Maige. “Nayo ina likizo? Mimi sijapata likizo tangu nizaliwe.”

“Kaka Maige, kwetu baba akilima mbugani, kwenye udongo mzito, hufunga ng'ombe wanne. Akihamia kwenye luseni, kwenye mchanga, huwafungua wawili. Wale wawili hawajafa. Wanasubiri mbuga.”

Maige akaitoa spana kwenye bolti. Yeye naye alikulia nyuma ya mkia wa ng'ombe.

“Tutajuaje?” aliuliza Mashimba. Hilo lilikuwa swali la pili.

“Kitabu cha gari kitasema.”

Macho yote yalimgeukia Novatus, naye akatazama viatu vyake. Kitabu kilikuwepo, ndani ya nailoni yake, hakijafunguliwa.

“Niliona aibu kumwuliza aliyeniuzia,” alikiri. “Mtu unanunua gari kama hili, halafu unauliza linavyofanya kazi?”

Vichwa vitatu viliinamia kitabu juu ya boneti. Kilikuwa cha Kiingereza, na Kabula alikisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, akirudia pale palipomkwama. Mwisho alipapata. Iliandikwa kwamba gari likitembea kwa utulivu, silinda nne hupumzishwa, na mlio hubadilika. Kuna kitufe cha hali ya mbio. Kikibonyezwa, zote nane hufanya kazi bila kupumzika.

Walirudi barabarani. Mashimba kwenye usukani, Kabula pembeni yake, Novatus akajikunja kiti cha nyuma, ambacho kilitosha mbuzi mmoja. Walipofika kwenye tambarare, mashamba ya pamba huku na huku, Nzagamba likapunguza sauti.

“Bonyeza,” alisema fundi.

Kabula akabonyeza, gari likanguruma lote. Akabonyeza tena, likatulia. Walifanya hivyo mara tano. Ya sita, Novatus aliuliza kutoka nyuma kama wanaweza kurudi sasa, maana magoti yake yamefika kidevuni.

Mashimba aligeuza gari. Karibu na mji akasema, kama anayejisemea, “Ningechinja dume zima.”

Walipofika gereji alimwambia Maige arudishe spana kabatini, gari halina ugonjwa. Novatus aliaga akicheka, na Jumamosi bibi harusi alifika Mwamanyili kwa mngurumo uliowatoa kuku wote barabarani.

Lakini ile amri ya begi haikuwa imefutwa, na Kabula hakulisahau hilo. Ijumaa asubuhi alisimama mbele ya fundi, bahasha mkononi.

“Shikamoo, fundi. Nilikuwa nauliza kama bado ninatakiwa kuondoka.”

“Marahaba. Leta karatasi,” alisema Mashimba.

Aliandika akiwa amesimama, ameegemea tairi, kidole gumba kikaacha alama ya grisi pembezoni. Kisha akatia sahihi, akaingia chini ya lori.

Jioni ile, baada ya ugali na mlenda, Anna aliisoma fomu kwenye mwanga wa taa. Mahali pa maoni palikuwa na mistari sita. Mashimba alikuwa ametumia neno moja.

“Anauliza,” alisoma Anna. “Basi? Mwanangu, hii ni sifa au ni shtaka?”

“Nami nilimwuliza hivyo hivyo, mama.”

“Akasemaje?”

“Akasema nikimaliza chuo nirudi, naye ana maswali yake.”

Anna alicheka hadi akashika ubavu. Alirudisha fomu kwenye bahasha kwa uangalifu, akataka kujua Luhaga atapigiwa simu saa ngapi kesho, na nani aanze kuzungumza naye. Kabula alikuwa amelala pale pale kwenye mkeka, mikono bado ikinuka dizeli. Anna alimfunika kanga, akafunga mlango, akaendelea kuongea peke yake kidogo kuhusu shemeji yake Luhaga, kisha naye usingizi ukamchukua.

Kweli, asiyeuliza hanalo ajifunzalo.