Ufunguo wa Nyumba ya Kisimani

Hapo zamani, wakati jumba la shamba la Sultani lilikuwa bado na paa na bustani yake ikinukia mpaka barabarani, palikuwa na mtunza bustani akiitwa Ngwali bin Ussi. Kaeni vizuri niwasimulie. Na wewe unayetafuna muwa, tafuna polepole, maana mwisho nitauliza swali na sitaki kuambiwa hukusikia.

Ngwali aliingia bustani ile akiwa kijana wa kufagia majani. Bustani gani? Kilikuwa kinamasi cha vyura! Yeye ndiye aliyechimba mifereji maji yakatoka. Yeye ndiye aliyetandaza njia za kokoto nyeupe, akapanda mikomamanga huku na milangilangi kule, na asumini ukutani, na vilua karibu na baraza, ili Bibi Mkubwa, mke wa Sultani, apate harufu akiwa amekaa kitako. Sultani akafa, mwanawe akatawala, Ngwali yumo. Akawa mkuu wa bustani, ndevu zikaota mvi, yumo. Mke hakuoa. Akiulizwa, husema, "Nani atakubali kuwa mke wa pili wa bustani?"

Enzi zile, jamani! Jua likipoa, Bibi Mkubwa alishuka na wanawake wake. Mkeka ukatandikwa, sharubati ikamiminwa, asumini ikachumwa ingali haijafumbua, vikuba vya kubandika kifuani vikatungwa. Vicheko vilisikika mpaka zizini. Ngwali husimama nyuma ya mikomamanga, si kwa kuchungulia, mimi simsingizii mtu, ila kumsikia tu Bibi akisema, "Leo bustani imependeza." Neno hilo lilimtosha kula na kulala. Hata uzeeni, kila akipita pale mkeka ulipokuwa ukitandikwa, miguu yake hupunguza mwendo yenyewe.

Lakini kwenye pembe moja palikuwa na kitu kilichomnyima raha, nacho ni waridi.

Waridi hilo lilikuja na Bi Narjisi. Bibi Mkubwa alizaliwa nchi ya mbali ya milima, kule ambako baridi huangusha majani yote, akaletwa kuolewa angali msichana. Bi Narjisi alikuwa mhudumu wake tangu huko. Siku ya kuondoka alikata kijiti cha waridi la nyumbani kwao Bibi, akakifunga kwa kitambaa kibichi. Safarini, maji ya kunywa yakagawiwa kikombe kikombe. Nusu aliyanywa yeye, nusu alikinywesha kijiti. Midomo ikampasuka, lakini kijiti kilifika kizima.

Ngwali akakipanda. Akakitilia samadi, akakijengea kivuli, akakinywesha asubuhi na jioni. Likatoa majani. Maua? Hakuna. Mwaka wa pili akaongeza samadi, akaongeza maji. Likatoa majani, tena manene! Maua? Hakuna. Ikawa ndiyo desturi. Kila mwaka Bibi huuliza, "Ngwali, bado?" Naye hujibu, "Bado, Bibi. Mwakani, inshallah." Na kila mwaka Bi Narjisi husema, "Kwetu, wakati wa baridi, mawaridi huvua nguo yakabaki fimbo tupu." Ngwali hucheka sana. "Bi Narjisi, huku kwetu mti ukivua nguo umekufa."

Sasa yupo Pandu, mvuta maji wa kisimani. Yeye na ng'ombe wake ndio waliozungusha gurudumu mifereji ikajaa. Pandu alikuwa mtu wa kisirani, na ng'ombe wake kajifunza kwake. Mwaka mmoja, jua la kaskazi limepamba moto, ng'ombe akakata kamba, akaenda moja kwa moja akala tawi la waridi. Ngwali akamtandika kwa mpini wa jembe.

"Umempiga ng'ombe wangu?" Pandu akauliza.

"Nimempiga. Na akirudi nitampiga tena, yeye na mwenyewe."

"Haya! Maji anayavuta nani humu? Basi hilo waridi lako halionji tena hata tone. Tuone kama jembe lako linatoa maji."

Akauziba mfereji wa waridi kwa udongo. Ngwali angeuzibua siku ileile, lakini homa ikamkamata, akalala hajitambui. Nani mwingine wa kuitazama pembe ile? Pandu alipita kila siku. Akaona majani yananyauka, akaenda zake. Akaona yanaanguka, akaenda zake. Ujeuri mtupu, hakuna jina jingine.

Ngwali alipoinuka kitandani alikwenda akijikongoja, akakuta fimbo tupu. Lo! Mzee mzima akakaa chini akalia. Kisha akatoa kisu, akakata vijiti vilivyokauka, akafukua mizizi aone kama ina uhai, akaifunika kwa samadi mpya, akarudi kulala bila ya kumsemesha mtu. Masika yakaanguka.

Asubuhi moja waridi likachanua. Wala si ua moja, kichaka kizima.

Bibi Mkubwa wakati huo macho hayaoni tena, amelazwa barazani apate hewa. Upepo ukaleta harufu. "Narjisi," akasema, "nani amefungua dirisha la nyumbani?"

Bi Narjisi akachuma ua akamtia mkononi. Wakalia wote wawili, wakasemezana kwa lugha yao, ambayo hapakuwa na mwingine wa kuijua. Sultani alikuwapo. Bibi akamshika mkono akamwambia, "Mwanangu, aliyenirejeshea waridi hili asitolewe bustanini mpaka siku yake ya kufa. Mpe nyumba ya kisimani." Jina hakulitaja. Siku hiyohiyo akafariki, na ua mkononi.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Sultani alikwisha jenga jumba jipya mjini, na hili la shamba alitaka kulifunga. Watumishi wote waondoke, wengine mjini, wengine kwenye mikarafuu. Abaki mtu mmoja tu katika nyumba ya kisimani, nayo ni chumba kimoja na mlango mmoja. Najua, wewe pale nyuma unataka kusema Ngwali si amuoe Bi Narjisi! Bibi wa watu aliulizwa. Alisema afadhali aolewe na ng'ombe wa Pandu. Na Ngwali na Pandu wakae chumba kimoja? Mtawazika wote wawili kabla ya Ijumaa.

Sultani akawaita watatu barazani, kila mtu aseme lake.

"Maulana," akasema Bi Narjisi, "bila ya mimi pangekuwa na waridi? Nililinyima koo langu maji nikalinywesha hilo. Na huyu Ngwali nilimwambia kila mwaka kwamba linataka kuvua majani, akanicheka mbele za watu. Sasa Bibi ameondoka na lugha yangu. Kitu cha kwetu kilichobaki nchi hii ni waridi tu. Mkinitoa hapa nitakuwa mgeni mara ya pili, na safari hii peke yangu."

"Maulana," akasema Pandu, "mimi sijui kusema maneno ya kuliza watu. Huyu mzee alilinywesha umri wake wote akavuna majani. Mimi nililinyima msimu mmoja, likachanua. Nilikusudia ubaya? Nilikusudia, sikatai. Lakini Bibi hakusema aliyekusudia, alisema aliyenirejeshea. Na huyu ng'ombe wangu amezeeka. Nikienda naye mjini, watamchinja."

Ngwali akakohoa.

"Maulana, hawa hawakusema uongo. Lakini kiu ile ingeua mche mwingine wowote. Huu ulipona kwa mizizi niliyoilisha miaka yote anayoicheka Pandu. Na vijiti nilivikata mimi, na mizizi niliifukua mimi, na homa haijanitoka mwilini. Maulana, niliingia humu sina ndevu. Kila njia mnayoikanyaga niliitandaza mimi. Nikitolewa nje ya ukuta huu, sijui nikiamka niende wapi."

Sultani akainuka. Kisha akatoa ufunguo, akamtia Ngwali kiganjani.

"Mimi nilizaliwa bustani imeshakuwa bustani," akasema. "Sikuona kijiti kikifika wala mfereji ukizibwa. Wewe ulikuwapo, Ngwali. Mpe mwenye haki. Ukiona ni wewe, fungua uingie. Nitakayemkuta ndani kesho ndiye huyo huyo."

"Ala!" Pandu akaruka. "Maulana, mwenye kesi ndiye kadhi?"

Lakini Sultani alikwisha geuka, akaenda zake.

Ngwali akashuka bustanini. Akapita pale mkeka ulipokuwa ukitandikwa, na miguu yake ikapunguza mwendo. Vicheko hakuna. Bi Narjisi amekaa chini kando ya waridi, anaokota majani ya maua yaliyoanguka na kuyatia kwenye upindo wa kanga, wala hamtazami. Pandu yuko kisimani, anamkuna ng'ombe wake shingo, naye hamtazami. Ule udongo alioziba nao mfereji bado upo, umekauka, na alama za vidole vyake zinaonekana. Moyo ulimuuma Ngwali, maana usiku kucha kabla ya kuitwa barazani alikuwa amejiambia kwamba haki ni yake, na sasa hakuwa na hakika.

Akafika mlangoni na ufunguo umelowa jasho. Akijifungulia, bibi yule anapoteza kwao mara ya pili, na ng'ombe yule anachinjwa. Akimfungulia mwingine, yeye anatoka nje ya ukuta alioutumikia tangu ujana, na hatorudi.

Nami namwacha hapo hapo mlangoni, kwa sababu kila nikitaka kumfungulia mmoja, namwona mwingine machoni. Wewe mwenye muwa, weka chini, anza wewe. Mmoja alileta waridi, mmoja alililisha, mmoja alilinyima mpaka likachanua. Ngwali anangoja na ufunguo mkononi. Je, nani alistahili?