Waliogonga Chini ya Kuta za Kitongo

Hapo zamani, wala si zamani mno, Usale na Ugumbe zilikuwa nchi jirani za kuchunguliana. Kila moja ina bomu la nyuklia, moja tu, la kumteketeza mwenzake. Wakaandikiana mkataba: mabomu yakae shimoni, yatiwe kufuli na lakiri, asiyaguse mtu.

Upande wa Usale aliyeuandika ni Balozi Tajo. Mkataba ukaruhusu Usale kwenda Ugumbe kukagua mara moja kwa mwaka. Moja! Mkaguzi ni Bwana Ngwali, tumbo mbele. Mwaka ule alikwenda mapema, awahi harusi ya waziri wa huko. Akala pilau, shimo akalitazama kwa mbali. Kayasema mpishi, si mimi.

Mwezi wa pili, mtambo wa Bi Mwanakheri, mtaalamu wa Usale wa kusikiliza ardhi, ukachora mistari: Ugumbe kumetikisika.

"Bibi, wamejaribu bomu?" akauliza Rais wa Usale.

"Mheshimiwa, saba kwa kumi ni tetemeko. Tatu sijui. Mtu aende akaone."

"Aende vipi? Safari ya mwaka imeshaliwa na pilau!"

Ugumbe wakapiga simu: "Ni tetemeko, wallahi!" Nani awaamini? Rais alisikia ile tatu tu. Akatoa bomu shimoni. Ugumbe nao wakatoa lao, askari wote wakaitwa kulilinda.

Kumbe kweli tetemeko. Kijiji cha Kitongo, kule Ugumbe, kilikuwa chini. Watu wazima na watoto wamefukiwa hai, wanagonga mawe wasikike. Wa kufukua ni askari, na askari wako kwenye bomu. Wakagonga siku tatu. Ya nne, kimya.

Kule Usale, Ngwali, Mwanakheri na Tajo wakageukiana.

"Ngwali, mlafi wee!" akasema Mwanakheri. "Ungeiweka ile safari, ungekwenda ukaona."

"Na wewe na saba zako! Ungesema tetemeko, basi, watu wangepona."

"Niseme nisilolijua?"

"Si ndilo lililokuwa kweli? Tena muulize Balozi, safari moja inatosha nini?"

"Ningedai mbili, Ugumbe wasingetia saini," akasema Tajo. "Mabomu yangekuwa nje tangu siku hiyo."

Basi sasa yako nje. Mkataba umechanwa, na wa kuandika mwingine hakuna. Rais msinitajie, yuko handakini, hasikii mtu.

Haya, semeni nyie: kati ya hao watatu, nani apelekewe maiti wa Kitongo mlangoni?